Yaangalie Maji Kabla ya Kuwalisha Trauti

Wanaoijua kazi yangu huniuliza kwanza trauti wanakula mara ngapi kwa siku. Nami huwauliza maji ya bwawa lao yana joto kiasi gani saa nane mchana. Wengi hawajapima, na hapo ndipo mazungumzo yetu huanzia, kwa sababu samaki huyu halishwi kwa kufuata saa ya ukutani wala kwa kuonewa huruma. Hulishwa kwa kadiri maji yanavyoweza kumhimili akiwa ameshiba.

Ninatunza bwawa la mtu binafsi upande wa magharibi wa Mlima Kenya, si mbali na barabara ya kutoka Nyeri kwenda Nanyuki, mahali palipozidi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Maji yetu yanatoka kwenye kijito kinachoshuka msituni. Yanaingia kwa mfereji upande wa juu, yanatoka upande wa chini kupitia wavu, kisha yanarudi mtoni. Humo ndani kuna trauti wenye mstari wa waridi ubavuni, samaki ambao asili yao ni mito ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Trauti wa kwanza kuletwa Kenya walikuwa wale wa kahawia, waliotiwa mto Gura katika milima ya Aberdare mwaka 1905 kwa ajili ya walowezi waliopenda kuvua kwa ndoana kama mchezo. Hawa wa mstari wa waridi walifuata baadaye, na ndio wanaofugwa siku hizi. Bwawani hawazaliani, kwa kuwa jike hutaga kwenye changarawe inayopitiwa na maji ya kasi. Kwa hiyo wakipungua tunanunua vifaranga, na kutoka siku hiyo sehemu kubwa ya watakachokula maishani itatoka mkononi mwetu.

Mimi ni mtu wa Pwani ya kusini, nimekulia katika nyumba ya wavuvi. Kwetu samaki hufuatwa aliko. Unajua bamvua na maji mafu, unajua kusi na kaskazi, unatega dema, lakini hakuna anayeamka alfajiri kwenda kumlisha changu. Nilipopanda huku kufuata kazi nilikuta baridi inayouma masikio na samaki anayemtambua mtu kwa vishindo vya miguu yake. Nilichotoka nacho nyumbani, na ambacho kimenifaa kuliko kingine chochote, ni ile desturi ya kuyatazama maji kabla ya kugusa chombo.

Mzee aliyekuwa akilitunza bwawa kabla yangu alikuwa na desturi hiyo hiyo, ingawa bahari hakuwahi kuiona. Asubuhi ya kwanza nilipobeba ndoo ya chakula aliniambia niiweke chini.

"Kijana, samaki hawaendi popote. Twende tuyaone maji kwanza."

Tulizunguka ukingo mzima bila kurusha hata punje moja. Alinionyesha kimo cha maji kwenye jiwe la mlangoni, povu lililokwama kwenye wavu wa kutokea, na rangi ya maji pale kivulini. Kisha akanionyesha samaki walivyosimama. Akaniuliza, hawa wana njaa au hawana hewa? Sikujua kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kufanana, na nimegundua tangu hapo kwamba watu wengi wenye mabwawa hawajui.

Trauti mwenye njaa hutembea. Huzunguka bwawa, hupasua maji, hufuata kivuli chako ukingoni, na ukisimama anasimama. Trauti anayekosa hewa hukusanyika na wenzake mlangoni mwa maji, kichwa kikielekea mkondo, matamvua anayopumulia yakienda mbio. Akizidiwa hupanda juu na kuhema kwa mdomo wazi. Mtu akiona samaki wamejaa sehemu moja juu ya maji, midomo ikifunguka na kufungika, moyo wake humwambia wanaomba chakula, naye huwapa. Hicho ndicho kitu kibaya zaidi anachoweza kuwafanyia saa hiyo.

Nieleze kwa nini, maana hapa ndipo penye kazi yote. Samaki akishakula, mwili wake unahitaji oksijeni zaidi kwa saa nyingi ili kukimeng'enya kile chakula. Na maji, kadiri yanavyopata joto, ndivyo yanavyoshika oksijeni kidogo. Maji ya nyuzi 15 kwenye usawa wa bahari hushika kama miligramu 10 za oksijeni kwa lita. Huku kwetu juu, ambako hewa ni nyepesi, maji ya joto lile lile hushika karibu 8 tu. Yakifika nyuzi 20 yanashuka mpaka kama 7, na hiyo ni iwapo hakuna samaki wanaopumua humo wala uchafu unaooza. Trauti hustarehe akiwa na 7 au zaidi, na ikishuka chini ya 5 huanza kuteseka. Kwa hiyo vitabu vilivyoandikwa kwa mabwawa ya nchi za tambarare havitutoshi. Sifa ya mlima ni maji baridi, lakini mlima huo huo umetunyima hewa, na nafasi tuliyo nayo kati ya samaki mwenye afya na samaki aliyekufa ni nyembamba kuliko mgeni anavyodhani.

Ndiyo maana saa ya kulisha ina maana kubwa. Asubuhi mapema sana si wakati mzuri kwenye bwawa lenye mwani, kwa sababu mimea ya majini hupumua usiku kucha kama samaki, na oksijeni huwa imeshuka kuliko wakati wote kunapopambazuka. Mchana si wakati mzuri msimu wa jua, kwa sababu chakula cha saa sita kitakutana na joto la saa tisa kikiwa bado tumboni. Sisi hulisha saa tatu asubuhi, jua likiwa limeshayagusa maji kwa muda. Miezi ya baridi, Juni na Julai, tunaongeza mlo mdogo saa kumi alasiri iwapo kipimajoto kinaruhusu.

Januari mpaka Machi ndio msimu wa mtihani. Usiku anga huwa wazi na nyasi huamka na barafu, mchana jua linachoma. Kijito kinapungua siku hadi siku. Mito ya upande huu, Naro Moru, Burguret, Nanyuki, yote huenda kuungana na Ewaso Ng'iro, unaowafikia wafugaji wa Laikipia na Samburu na ngamia wao, na msimu wa kiangazi kila tone lina mwenyewe. Vyama vya watumiaji maji hupanga zamu, na siku ya zamu ya wengine mfereji wetu huachwa na maji kidogo tu. Sioni haki ya kulalamika. Mtu anayesubiri maji ya kunywa huko chini ana haki kuliko samaki wa starehe. Lakini ni lazima bwawa liendeshwe kwa kujua hivyo, na kitu cha kwanza cha kupunguza ni chakula.

Msimu mmoja wa namna hiyo, bwawa lisilo mbali na letu lilipoteza karibu samaki wake wote kati ya mchana na jioni. Mwenyewe alikuwa amekuja na wageni mwisho wa juma. Watoto walifurahia kuona maji yakichemka kwa samaki, wakaongezewa chakula warushe, wakarusha tena. Ilikuwa saa saba na jua kali, mfereji ukiwa na maji ya kulowesha nyayo. Niliitwa jua likitua kusaidia kuwatoa. Wengi walikuwa na matumbo yaliyojaa, matamvua yamepanuka, midomo wazi. Hapakuwa na sumu wala ugonjwa. Mwenye bwawa yule aliwapenda samaki wake kwa dhati, na sikuona haja ya kumwambia lolote siku ile zaidi ya kushika wavu. Tangu hapo kipimajoto kinaning'inia kwenye kamba mlangoni mwa maji, kwake na kwetu, na hakuna anayegusa ndoo kabla ya kukisoma.

Kipimo chetu ni hiki. Kati ya nyuzi 12 na 16 samaki hula kwa hamu na chakula kinageuka nyama vizuri. Kwa trauti wa gramu 200 hivi, katika joto hilo, nampa kama asilimia moja na nusu ya uzito wake kwa siku. Samaki 500 wa uzito huo ni kilo 100, chakula chao ni kilo moja na nusu. Maji yakipanda nyuzi 18 nakata nusu. Yakifika 20 silishi kabisa, hata wakinifuata ukingoni. Kuanzia nyuzi 24 au 25 trauti anapigania uhai, na hapo la kufanya ni kutafuta maji. Yakishuka chini ya nyuzi 10 asubuhi za baridi kali hula polepole, na mlo wa kawaida utabaki ukielea. Vifaranga wana hesabu yao: hula sehemu kubwa zaidi ya uzito wao, mara tano au zaidi kwa siku, kidogo kidogo, punje ndogo zinazotosha mdomo wao.

Hesabu hii haina maana kama hujui uzito wa samaki wako, na uzito haukisiwi kwa macho kutoka ukingoni. Kila mwezi tunapitisha wavu mdogo, tunatoa samaki kadhaa, tunawapima kwenye mizani ya kuning'iniza ndani ya ndoo yenye maji, tunarudisha haraka. Asubuhi ya kupima hawalishwi. Mzee alikuwa akiniambia kwamba anayelisha kwa kukisia huwa anamlisha samaki wa mwezi uliopita, na kweli, wakikua haraka ni rahisi kuwanyima bila kujua, na wakidumaa ni rahisi kumwaga chakula kwenye matope.

Kurusha nako kuna namna yake. Ukirusha konzi nzima mahali pamoja, wakubwa wanashika pale na kuwafukuza wadogo, na baada ya miezi michache una samaki wa nusu kilo wakiogelea na wenzao wa umri mmoja walio wembamba kama kidole. Kisha wakubwa huanza kuwala wadogo. Mimi hutembea na upepo ukinipiga mgongoni, natawanya punje chache kwa upana, nasubiri. Konzi ya kwanza ni ya kuuliza swali. Wakizipokea kwa kishindo naendelea. Wakija kwa uvivu, au wakizipiga kwa pua na kuziacha, nasimama hapo hapo na kutafuta sababu: joto, maji machafu, fisi maji aliyepita usiku, mdiria anayewinda juu ya kichwa, au ugonjwa unaoanza. Mara nyingi kukosa hamu ya chakula huonekana kabla ya dalili nyingine yoyote kwenye ngozi au mapezi. Ndiyo sababu nimekataa mashine ya kulishia kila nilipoulizwa kama tuinunue. Mashine itamwaga chakula juu ya samaki mgonjwa kwa uaminifu kamili. Kwa sababu hiyo hiyo napenda chakula kinachoelea kuliko kinachozama: kisicholiwa kinaonekana, kinaweza kuchotwa.

Kisichochotwa huoza. Huvuta oksijeni, hutoa amonia, huotesha ule ukungu mweupe unaofanana na pamba ambao huhamia kwa samaki mwenye jeraha. Na kwetu hakibaki bwawani. Maji yanayotoka chini ya wavu wetu hufika kwenye mtungi wa mtu mwingine kabla ya siku kwisha. Nikiwaza hivyo mkono wangu wenyewe hupunguza.

Mvua za masika zikianza, kijito hushuka na udongo mwekundu. Trauti huwinda kwa macho. Maji yakiwa rangi ya chai ya maziwa hawaoni punje hata zikipita mbele ya pua, na tope lenyewe huchubua matamvua. Siku hizo nafunga mlango wa maji kiasi, naacha yatulie, na silishi. Samaki mzima wa trauti hukaa siku kadhaa bila chakula na asidhurike, ilimradi maji ni baridi na hewa ipo. Jambo hili huwashinda watu kulikubali kuliko yote. Mfugaji wa ng'ombe au kuku amezoea kwamba mnyama asiyelishwa leo ni uzembe wa mwenyewe, naye hulileta wazo hilo bwawani. Samaki hatumii chakula kujipasha mwili joto; joto lake ni la maji, na mahitaji yake hupanda na kushuka nayo.

Kuhusu chakula chenyewe, sina mzaha nacho. Trauti ni mla nyama. Anahitaji protini ya asilimia 40 hadi 45 na mafuta ya kutosha, na wanga haumfai: mkate, ugali na chapati za wageni humjaza tu na kumharibia ini. Chakula kizuri hutengenezwa kwa samaki wadogo kama omena, uduvi, soya, na siku hizi mabuu ya nzi yanayofugwa kwa kazi hiyo. Kikiwa kizuri, kilo moja na robo mpaka moja na nusu hutoa kilo moja ya samaki. Bei yake inauma, na hapo ndipo vishawishi huingia. Muuzaji mmoja aliwahi kutuletea magunia ya bei nafuu yaliyolala mahali penye unyevu. Yalinuka ukungu mara tulipofungua. Tuliyarudisha yote.

Wapo walioona ni ukali usio na sababu. Lakini Mkenya hahitaji kuelezwa sumukuvu ni nini. Mwaka 2004 mahindi yaliyoota ukungu yaliua zaidi ya watu 100 Ukambani. Na katika wanyama wote, trauti wa mstari wa waridi ni miongoni mwa wanaodhurika haraka zaidi na sumu hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Marekani, samaki hawa walipatwa kwa wingi na saratani ya ini katika vituo vya kuwafugia, na chanzo kilikuja kugunduliwa kuwa ni mashudu ya pamba yenye sumukuvu yaliyotiwa kwenye chakula chao. Kiwango kidogo mno kinatosha. Kwa hiyo magunia yetu hukaa juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali pakavu penye ubaridi, na hatununui ya zaidi ya miezi miwili au mitatu, maana hata pasipo ukungu mafuta yake huchacha.

Mwenye bwawa anapenda nyama ya samaki wake iwe ya waridi. Rangi hiyo haitoki kwenye damu. Hutoka kwenye chakula: mtoni trauti huipata kwa kula uduvi na jamaa zake, na viwandani huongezwa kwenye punje. Mama yangu aliponiuliza kwa simu hao samaki wa mlimani wana nini cha ajabu, nikamwambia wanakula uduvi, alicheka akasema basi ni watu wa kwetu. Ladha haibadiliki kwa rangi, nimeonja wenye nyama ya waridi na wenye nyama nyeupe, lakini mteja hununua kwa macho na sioni ubaya kumpa anachotaka.

Wageni wa ndoana huja mwisho wa juma. Ijumaa hatulishi, na sababu si kuwafanya samaki waing'ate ndoana tu. Samaki aliyeshiba akipigana na ndoana hutumia hewa mara mbili, na akirudishwa majini mchana wa joto mara nyingi hafiki jioni. Kwa wale wanaokwenda jikoni au kusafirishwa tunaongeza siku ya pili ya kufunga, ili tumbo liwe tupu na nyama iwe safi.

Kila ninapopasua samaki naangalia kilichomo tumboni kabla ya kukitupa. Nimekuta mabuu ya kereng'ende, konokono wadogo, viluwiluwi, mende wa majini, na baada ya mvua za kwanza matumbo yaliyojaa kumbikumbi mpaka kwenye koo. Jioni ya kumbikumbi kuruka, bwawa zima hugeuka, na kesho yake hakuna punje inayotoka ghalani. Mwenye bwawa alitaka ukingo wote ufyekwe uwe kama bustani. Nilimwonyesha sahani yenye vitu vilivyotoka tumboni mwa samaki wake, akavigeuza kwa kijiti kimoja kimoja, akaniuliza wadudu hao wanaishi wapi. Upande wa msituni tumeacha nyasi na vichaka vinavyoinamia maji. Pale ndipo samaki wanene kuliko wote hukaa, na pale ndipo ninapotawanya chakula kidogo kuliko pengine popote.